DJ Aliyekataa Simu Zetu

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, katika kikundi cha mtaa wetu hapa Garsen, katikati ya tangazo la mbuzi wa kuuza na swali la mtu aliyetaka kujua kama barabara imepitika baada ya mvua. "DJ wetu hatunaye tena," ujumbe ulisema. Ulikuwa umesambazwa mara nyingi hivi kwamba haikujulikana tena ulianza kwa nani. Niliandika pole, nikaona ni fupi mno. Nikaandika ndefu, nikaona najionyesha kana kwamba mimi ndimi ndugu yake. Nikafuta zote mbili, nikabaki nimeishika simu mpaka kioo kikazima. Wasomaji wa safu hii mnanijua sasa, mtu wa kuzungusha jambo kichwani mpaka lichakae. Sikutuma chochote siku ile. Haya mnayosoma ndiyo pole yangu, nayo imechelewa, na itapitia swali moja ambalo wengi watalichukua kuwa dogo: je, DJ akiwa kazini apokee simu ya mgeni na kuuchezesha wimbo alioombwa, au akatae? Swali hilo tulilicheka miaka yote. Siku ya maziko yake lilimwangukia mjane wake, na tangu siku hiyo silicheki tena.

Marehemu alizaliwa Hewani, kijiji kilicho kando ya mto, lakini riziki yake ilikuwa hapa Garsen, kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye kadi za simu. Siku za sherehe alifunga kibanda, akapakia spika na jenereta kwenye tuktuk, akaenda kupiga muziki. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, kibanda hicho ndicho kilichokuwa ofisi yangu. Nilichaji simu pale nikisubiri majibu ya barua za kazi, na kwa kuwa majibu hayakuja, nilibaki hata simu ilipojaa. Aliniita Msomi. Hakuniita hivyo kwa dharau, wala hakuniita kwa heshima sana. "Msomi," aliniambia siku moja akinitazama nikiandika ujumbe na kuufuta, "wewe hata salamu unaifanyia mtihani. Tuma, bwana. Mtu akikukasirikia, atakwambia." Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani na kurudi kwenye nyaya zake. Ni yeye aliyenishauri niandike kwenye gazeti. Alisema mtu anayewaza sana apewe pahali pa kumwagia, asije akafurika kama Mto Tana.

Kila aliyewahi kuhudhuria harusi aliyoipiga anaijua kanuni yake. Simu ya mgeni haikuchomekwa kwenye mashine yake. Kijana angekuja amenyoosha simu, ameshaufungua wimbo, anasema, "Buda, weka hii, inabamba." Yeye angeinua kidole kimoja juu, akimaanisha subiri. Na kijana angesubiri, na wimbo wake usingepigwa. Akishikilia sana, angejibiwa, "Simu yako ina nyimbo zako. Hapa pana nyanya yako na nyanya wa mwenzio." Wengine walinuna. Msichana mmoja aliyetoka Kipini alimwambia mbele yetu, "Kwa hiyo sisi wa pwani hatuna haki ya kucheza leo, mwalimu?" Marehemu alicheka mpaka akashika kiuno, na baadaye kidogo tukasikia taarabu ikitoka kwenye spika, kwa sababu alikuwa nayo tangu mwanzo. Hakukataa wimbo wa mtu. Alikataa tu kuubeba mbele za watu wimbo ambao yeye mwenyewe hakuujua.

Alikuwa na mpinzani, DJ mwenzake wa hapa mjini, mtu mchangamfu mwenye fulana zenye maandishi makubwa. Huyu alifuata imani ya kinyume: mgeni ndiye mwenye sherehe, mlete simu, mchomeke, mcheze. Walipokutana pale kibandani ilikuwa burudani isiyo na kiingilio. "Ndugu yangu," mpinzani angemwambia, "wewe unapiga harusi au unahubiri? Watu wanakuja kucheza, wewe unawapa katekisimu." Marehemu angejibu bila kuinua kichwa, "Afadhali mimi. Mashine yako siku hizi imekuwa chaja. Kila mtu anachomeka, wewe umekaa pembeni unangoja ijae." Tungecheka, chai ingeagizwa, na mabishano yangeanza upya. Nami, kama kawaida yangu, niliwaza pande zote mbili mpaka zikanichanganya. Mpinzani alikuwa na hoja. Mji huu ni wa watu wengi. Yuko Mpokomo na Mworma, Msomali na Mgiriama, na yuko aliyeshuka kutoka Bangale na lori la mifugo na hajui mtu yeyote ukumbini. DJ akipiga anachokijua tu, yupo atakayekaa kwenye kiti cha plastiki mpaka sherehe iishe bila kusikia hata wimbo mmoja wa kwao. Je, huo si ubaguzi wa kimyakimya? Nilimuuliza hivyo siku moja. Jibu lake lilikuwa kunichukua kwenda kazini.

Huko ndiko nilikoona jinsi alivyofanya kazi. Kabla ya harusi alikwenda nyumbani kwa pande zote mbili, mchana, akaketi na mama na nyanya wa nyumba. Swali lake la kwanza halikuwa mnataka nyimbo gani. Aliuliza, "Mama, wimbo gani hamtaki kuusikia siku hiyo?" Mwanzoni walishangaa. Kisha walianza kusema. Kulikuwa na wimbo ambao mume wa kwanza aliupenda, na wimbo uliokuwa ukipigwa redioni siku mtoto alipozama. Nyumba nyingine hawakutaka ngoma ya upande fulani, si kwa chuki, bali kwa sababu maneno yake yanamgusa jirani aliyealikwa. Alisikiliza yote na hakuandika, akarudi nyumbani ameyabeba. Nilimuuliza njiani kanuni yake ilianzia wapi. Akaniambia kwamba miaka ya mwanzo alipokea simu kama wengine. Ilikuwa sherehe ya mchana baada ya mashindano ya mpira, timu za wakulima na timu za wafugaji, chakula kimepakuliwa, watu wameketi wamechanganyika vizuri. Kijana mmoja akaleta simu. Wimbo ulikuwa wa lugha ambayo yeye DJ hakuielewa, lakini mdundo ulikuwa mtamu, akaupandisha sauti. Katikati ya wimbo aliona wazee wa upande mmoja wanainuka, mmoja baada ya mwingine, sahani zao hazijaguswa. Walinawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula, wakaondoka. Wimbo ulikuwa unajisifu juu ya malisho na maji, na juu ya nani alimfukuza nani. Ni upande gani sitasema. Wa hapa atakisia, na asiye wa hapa halimhusu. "Sikuelewa hata neno moja," aliniambia. "Na spika ni zangu. Kwa hiyo ni mimi niliyesema." Kesho yake alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Walimsamehe na kumpa maziwa. Lakini sahani zile, alisema, ziliendelea kumtazama.

Sasa niwaeleze harusi ya binti wa Bura, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea Hewani. Baba wa binti alikuwa mkulima kwenye skimu ya umwagiliaji, mtu wa kufungulia mifereji maji alfajiri, na alikuwa amefariki binti akiwa bado shule ya bweni. Harusi ilifanyika hapa Garsen kwa upande wa bwana harusi, alasiri, turubai limejaa. Mama wa bibi harusi alikuja kwenye mashine akiwa ameshika simu ndogo ya zamani iliyofungwa mpira ili isiachane. Nilikuwa nimesimama karibu. Alisema, "Mwanangu, humu mna sauti ya baba yake. Aliirekodi shambani, anamsemesha mtoto. Nataka watu wote wasikie kwamba huyu msichana ana baba." Nilimtazama DJ nikajua kanuni yake imekufa siku hiyo, kwani nani angemkatalia mama yule? Nilikuwa tayari nimeshaona kichwani watu wanalia, wanapiga vigelegele. Yeye akainua kile kidole. Akaichukua simu, akavaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho, ameinama, mkono mmoja kwenye sikio. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine. Akauliza polepole, "Mama, yeye mwenyewe ameshaisikia?"

"Bado. Nilimwekea siku ya leo."

"Basi asiisikie pamoja na sisi. Aisikie kabla yetu."

Alizima muziki. Turubai zima likanyamaza ghafla, na mnajua watu wa harusi wakinyamazishwa wanakuwaje. Mjomba wa bwana harusi alisema kwa sauti, "Huyu DJ tumemwita atupigie kimya?" Wengine wakacheka. DJ alitembea mpaka kwenye jukwaa la maharusi akiwa amebeba simu ile ndogo na hedifoni, akachutama mbele ya bibi harusi, akamwambia maneno ambayo hatukuyasikia, akamvalisha hedifoni juu ya maua ya kichwani. Tulikaa vile. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba, na mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Bibi harusi alifunga macho, na midomo yake ikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kisha akasema jambo, tukaliona tu kwenye midomo: irudie. Akarudiwa. Mara ya pili alimvuta mama yake, akampachika upande mmoja wa hedifoni sikioni, wakasikiliza wawili hao vichwa vikigusana. Alipomaliza alimrudishia DJ hedifoni yake na kusema kwa sauti ambayo hata mjomba aliisikia, "Sasa tupigie, tucheze." Sauti ile haikutoka kwenye spika kamwe. Mpaka leo sijui mzee yule wa mifereji alisema nini, na nimewaza sana kuihusu. Nimefika mahali pa kukubali kwamba haikuwa yangu kuisikia.

Kifo chake hakikuwa na fujo yoyote. Alimaliza kupiga sherehe ya shule moja upande wa Bura, akakunja nyaya, akapakia, na njiani presha ikampanda. Hakufika. Kabla ya kuondoka kule alitaka kuongea na mkewe, lakini simu ya mama huyo ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, jambo ambalo yeye mwenye kibanda cha kuchaji alilifanyia mzaha kila siku. Kwa hiyo alimtumia shemeji yake, kaka wa mkewe, ujumbe wa sauti. Shemeji akamfikishia dada yake habari kwa maneno yake: anakuja, usifunge mlango. Na mlango haukufungwa. Majirani walipokuja na habari waliukuta wazi, taa imewashwa, chai imo kwenye chupa.

Tulimzika Hewani, kando ya nyumba ileile. Mashine iliyopiga siku ile ilikuwa ya mpinzani wake, aliyeileta bila kuitwa na kuifunga mwenyewe, kimya, akiwa na shati jeupe lisilo na maandishi. Ibada ilikwenda vizuri, kwaya ikaimba, wazee wakasema. Kisha zikaanza simu. Nasema hivi kwa huzuni na si kwa lawama, kwani kila mmoja alikuwa na kipande chake cha marehemu ndani ya simu na alitaka kionekane. Mmoja alikuwa na video akicheka. Mwingine alikuwa na sauti yake akitangaza maharusi. Mpinzani alizipokea zote kama alivyozoea, akachomeka, akachezesha, na kwa kweli watu walifarijika, wakacheka huku wakifuta macho. Ndipo shemeji akasimama na simu yake. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. "Hii ndiyo sauti yake ya mwisho," alisema. "Ndugu zangu, tumsikie anavyotuaga." Ilichomekwa. Hakuna aliyeweka hedifoni.

Sauti ikatoka kwenye spika kubwa, safi, ya mtu mwenye haraka na furaha, nyuma yake watoto wa shule wakipiga kelele. "Shemeji, mwambie dadako nimemaliza. Niko njiani. Asifunge mlango, nafika sasa hivi."

Mjane aliinuka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, na alipoisikia sauti ile aliinuka kama ambavyo ameinuka miaka yote, akajifunga leso vizuri, akageuka kuelekea nyumbani. Alipiga hatua kadhaa. Uso wake haukuwa wa kilio. Ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kumpokea mumewe. Kisha akasimama katikati ya watu, akatazama kaburi, akatazama spika, na nilimwona akikumbuka. Wanawake walimfikia kabla hajaanguka.

Mpinzani aling'oa waya kwa mkono. Spika zikatoa mlio, zikazima. Alipita katikati ya watu mpaka mkekani, mtu yule wa maneno mengi, akapiga magoti mbele ya mjane, akasema, "Shemeji, nisamehe. Sikuisikiliza kwanza." Mjane hakumjibu siku hiyo. Kaka yake alikuwa ameketi chini amejifunika uso, akirudia kwamba alidhani atamfariji.

Nimelifikiria hilo wiki nyingi, na ninyi mnajua kufikiri kwangu kulivyo. Hakuna aliyefanya ubaya pale. Shemeji alileta kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mpinzani alifanya kazi yake kama alivyoifanya sikuzote. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama kati ya simu na spika, wa kuisikia sauti kwa sikio lake peke yake na kuuliza: hii ni ya nani? Mtu huyo tulikuwa tunamzika. Na naogopa kwamba hatumkosi kwenye harusi na maziko tu. Ukame unapokaza, ng'ombe wakashuka mtoni kutafuta maji na mashamba yakiwa yamezaa, hupita kwenye simu zetu sauti ya mtu tusiyemjua, ikisema fulani amefanya hivi mahali fulani. Tunaisambaza hata haijafika mwisho. Sisi sote sasa tuna spika mfukoni, na kila mmoja wetu amekuwa kama marehemu alivyokuwa mchana ule wa mpira, anapandisha sauti ya wimbo asioujua maneno yake, kwa sababu mdundo ni mtamu. Tofauti ni kwamba yeye alikwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Sisi tunafuta ujumbe, tunajiona tumemaliza. Maji yakimwagika hayazoleki, na sauti ni nyepesi kuliko maji.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. DJ na aipokee simu. Mpinzani alikuwa na haki katika hilo: kila mtu ana wimbo wa kwao na anastahili kuusikia. Lakini asiuchezeshe kabla hajausikiliza yeye mwenyewe mpaka mwisho, na asiouelewa amwite anayeuelewa. Na wageni wakiona wanacheleweshwa, wachelewe.

Majuzi nilikuwa kwenye harusi hapa mjini, alasiri. Mpinzani ndiye aliyekuwa akipiga, amerudia fulana zake. Mjane wa marehemu alikuwepo, amekaa na wanawake wa jikoni, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Kijana mmoja alikuja na simu yake imenyooshwa. "Buda, weka hii tu, ni fupi." Mpinzani akainua kidole kimoja juu. Akavaa hedifoni, akafunga macho, akausikiliza wimbo wote. Kijana alihangaika, akamwambia, "Sasa unasikiliza peke yako, sisi tufanye nini?" Nilimtazama mjane. Alikuwa ameacha kukata, kisu na kitunguu vikiwa mkononi, akikitazama kile kidole kilichoinuliwa, na alikitazama mpaka kikashuka. Kisha akaendelea kukata.